Daniel Sullivan wanne, parokia moja: namna ya kuwatenganisha mababu wa Ireland kwa vitabu vya ubatizo (UZI MREFU)

#1 Nasaba_Cork (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Kuna swali limekuwa likirudi humu kutoka kwa wenzetu waliooa au kuolewa Ireland, Uingereza na Marekani, na kutoka kwa vijana waliozaliwa huko wenye bibi au babu wa Kiairishi: "Nimempata babu, lakini wako watatu wenye jina hilohilo. Nimchukue yupi?" Jibu langu ni kwamba kwa sasa usimchukue yeyote. Sababu ndiyo uzi wenyewe.

Naishi Cork, na upande wa mume wangu asili yao ni rasi ya Beara, kusini-magharibi kabisa mwa Ireland. Nitatumia kisa cha ukoo wao. Majina ya watu nimeyabadilisha na miaka yao nimeisogeza kidogo maana wajukuu wapo hai. Parokia, vitabu na njia ya kazi ni vilevile.

Tunamtafuta Daniel Sullivan aliyefia Butte, Montana. Watu wa Beara walikwenda Butte kwa wingi kwa sababu walikuwa wachimbaji tayari: Allihies kulikuwa na migodi ya shaba tangu 1812, na ilipodorora vijana wakaifuata shaba ya Marekani. Cheti chake cha kifo kinasema alizaliwa Ireland, baba John Sullivan, mama Mary Harrington. Umri ulioandikwa unatupeleka mwaka 1863 hivi. Kwenye ubatizo wa parokia ya Allihies nikakuta:

1861: Daniel, wa John Sullivan na Mary Harrington
1862: Daniel, wa John Sullivan na Mary Harrington
1864: Daniel, wa John Sullivan na Mary Shea
1867: Daniel, wa John Sullivan na Mary Harrington

Ukipekua miti ya ukoo iliyowekwa mtandaoni utaona watu wanavyofanya hapa. Wanamchukua wa 1862 kwa kuwa yuko karibu na 1863, wanampachika wazazi, babu, bibi, hadi miaka ya 1790, na wengine kumi wanakuja kunakili. Ukoo mzima unasimama juu ya tofauti ya mwaka mmoja kwenye cheti kilichojazwa kwa maneno ya mtu ambaye huenda alikuwa mwenye nyumba ya kupanga tu, hakuwahi kuiona Ireland.

Majina yanajirudia kwa sababu ya desturi. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama, wa tatu jina la baba mwenyewe. Binti wa kwanza alipewa jina la mama wa mama, wa pili mama wa baba, wa tatu mama mwenyewe. Haikuwa sheria, lakini ilifuatwa kiasi kwamba mzee Daniel mwenye wana watano waliooa unaweza kumtegemea awe na wajukuu watano wanaoitwa Daniel Sullivan, wa rika moja, kwenye vitongoji vinavyoonana. Na mtoto akifariki, anayefuata kuzaliwa hupewa jina la marehemu. Ongeza kwamba Beara sehemu kubwa ya watu ni Sullivan au Harrington ukitembea nyumba hadi nyumba, na mwanamume mmoja kati ya kila kundi ni John.

Kwa hiyo jina la mwanamume, peke yake, halikwambii ni nani. Kinachowatenganisha hawa watu ni wake zao, wasimamizi wa ubatizo wa watoto wao, na ardhi waliyolima. Nitashuka taratibu, ulizeni katikati.

#2 Mwana_Muranga

Mleta mada umenigusa. Kwetu Wakikuyu ni karibu hivyohivyo: mvulana wa kwanza ni baba wa baba, wa pili ni baba wa mama. Ila msichana wa kwanza kwetu huitwa mama wa baba, wa pili ndiye mama wa mama. Kwa babu yangu wajukuu wa jina moja wamejaa, na mtu akiita mbele ya wazee lazima aongeze jina la baba wa huyo mtoto ili ieleweke ni yupi. Je, Waairishi walikuwa na njia hiyo?

#3 Nasaba_Cork

Walikuwa nayo, mkuu, na uzuri ni kwamba makarani wa serikali walilazimika kuiandika.

Kati ya 1847 na 1864 ardhi na nyumba zote za Ireland zilithaminiwa kwa ajili ya kodi, kazi iliyosimamiwa na Richard Griffith. Orodha zake zinamtaja mkaaji, mwenye ardhi anayempangisha, kitongoji, ukubwa na thamani. Kitongoji kikiwa na John Sullivan wawili, karani hakuwa na la kufanya ila kuweka alama: John Sullivan (Michael) na John Sullivan (Timothy). Jina la kwenye mabano mara nyingi ni la baba. Wakati mwingine ni la utani wa ukoo, au rangi ya nywele, au kazi. Kule Tipperary akina Ryan ni wengi hivyo hivyo, na majina ya ziada ya matawi yao yanatumika hadi leo.

Kwa hiyo ukikuta mabano kwenye uthamini wa Griffith, nakili kila neno. Hapo una vizazi viwili kwenye mstari mmoja.

#4 Bahari_Kuu

Samahani dada, mimi nilisikia kumbukumbu zote za Ireland ziliteketea vitani 1922. Sasa hivi vitabu vimetoka wapi?

#5 Nasaba_Cork

Swali la msingi. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka za taifa pale Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Zilipotea sensa za 1821 hadi 1851 isipokuwa vipande vichache, wosia, na sehemu kubwa ya vitabu vya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, vilivyokuwa vimepelekwa huko kwa usalama. Sensa za 1861 hadi 1891 hazikuungua; serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu kabla ya hapo. Ndiyo maana sensa kamili za kwanza tulizo nazo ni za 1901 na 1911, na zote mbili ni bure mtandaoni kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland.

Vitabu vya Kikatoliki havikuwahi kupelekwa Four Courts. Vilibaki kwenye nyumba za mapadri, vingine vikaliwa na unyevu na panya, lakini vilibaki. Baadaye Maktaba ya Taifa ya Ireland ikavipiga picha za mikrofilamu, na Julai 2015 ikaziweka picha zaidi ya 370,000 mtandaoni, bure kabisa. Vingi vinaishia karibu 1880. Vinaanzia wapi, inategemea: mijini unaweza kupata miaka ya 1700, magharibi na sehemu maskini mara nyingi ni baada ya 1800. Allihies ubatizo unaanza 1822.

Picha za maktaba hazina faharasa, unasoma ukurasa kwa ukurasa. Kwa baadhi ya maeneo, tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie ina faharasa ya vitabu vya kanisa: Kerry, Carlow, sehemu ya Dublin, na Cork ya kusini na magharibi. Tovuti hiyohiyo ina vizazi, ndoa na vifo vya serikali. Usajili wa serikali kwa watu wote ulianza 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza mapema, Aprili 1845.

Hapa kuna mtego unaowapoteza watu wengi. Beara iko kaunti ya Cork, lakini kikanisa ni jimbo la Kerry. Ukichuja "Cork" kwenye utafutaji wa kanisa hutaona kitu, utadhani ukoo haupo. Tena parokia ya Kikatoliki si sawa na parokia ya kiserikali: Allihies ya padri ni Kilnamanagh kwenye uthamini wa Griffith, na ukienda kwenye usajili wa vizazi wilaya inaitwa Castletown. Mtu mmoja, mahali pamoja, majina matatu. Andika hayo matatu kwenye karatasi ubandike ukutani kabla hujaanza.

#6 Msomaji_Kimya

Nimeweka kambi hapa. Endelea dada.

#7 Nasaba_Cork

Haya, kazi yenyewe.

Nilimwacha Daniel kabisa. Nikafungua jedwali nikaingiza kila ubatizo wa Allihies kuanzia 1850 hadi 1878 wenye baba John Sullivan, hata mama awe nani. Kila mstari: tarehe, mtoto, baba, mama na ukoo wa kwao, msimamizi wa kiume, msimamizi wa kike, kitongoji kama padri alikiandika, na namba ya ukurasa. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato.

Neema kubwa ya vitabu vya Kikatoliki vya Ireland ni kwamba mama huandikwa kwa jina la kwao. Panga jedwali kwa jina la mama, na akina John Sullivan wanaanza kuachana wenyewe. Yule wa Mary Shea akatoka mara moja na watoto wake wote. Wa Mary Harrington wakabaki rundo moja la watoto wengi kupita kiasi.

Je, ni jozi moja ya wanandoa au mbili? Angalia tarehe. Daniel wa pili alibatizwa Novemba 1862. Februari 1863 kuna Ellen, wa John Sullivan na Mary Harrington. Miezi mitatu. Watoto walibatizwa siku chache baada ya kuzaliwa, mara nyingi kesho yake, kwa hofu ya kufa bila ubatizo, hivyo huwezi kusema mmoja alicheleweshwa. Ni akina mama wawili. Ukipata mgongano mmoja wa namna hiyo, umethibitisha kaya mbili, na hapo kazi ni kugawa watoto waliobaki.

Niliwagawa kwa wasimamizi. Msimamizi hakuwa mpita njia. Alikuwa kaka, dada, shemeji, binamu, jirani wa mlango wa pili. Nilipopaka rangi kila jina la msimamizi, rundo likagawanyika: kaya moja ilisimamiwa na akina Lynch na Harrington mara kwa mara, na pale padri alipoandika kitongoji ni Ballydonegan. Kaya nyingine ilisimamiwa na Timothy Sullivan, Honora Sullivan, na akina Shea, na kitongoji ni Garinish, kule mwisho kabisa wa rasi ukielekea kisiwa cha Dursey. (Anayepanga safari: karibu na Garinish, pale Ballaghboy, ndipo linapoanzia gari la waya la kukuvusha hadi Dursey, limekuwepo tangu 1969. Ukisimama pale unaelewa kwa nini watu walionana na kuoana wao kwa wao.)

Nitaziita kaya ya Ballydonegan na kaya ya Garinish. Ballydonegan: Daniel wa 1861 na Daniel wa 1867. Garinish: Daniel wa 1862.

Kisha nikaingia kitabu cha ndoa. Kabla ya 1864 ingizo la ndoa ya Kikatoliki ni fukara: majina mawili, mashahidi wawili, tarehe. Wazazi hawatajwi. Nikakuta ndoa mbili za John Sullivan na Mary Harrington, 1851 na 1858. Ya 1858 ina maneno ya Kilatini kwamba wamepewa ruhusa kwa undugu wa damu wa daraja la tatu. Hayo maneno ni dhahabu, msiyapite. Kanisa lilihesabu hivi: daraja la pili ni watoto wa ndugu, la tatu ni wajukuu wa ndugu, la nne ni vitukuu. Kwa hiyo wale wa 1858 babu au bibi wa mmoja na babu au bibi wa mwingine walizaliwa tumbo moja. Kaya ya Garinish ndiyo iliyoanza kupata watoto 1859, kwa hiyo 1858 ni yao.

Majina ya wana wa kwanza: Ballydonegan alianza na Michael, Garinish alianza na Timothy. Rudi kwenye Griffith: Ballydonegan yuko John Sullivan (Michael). Garinish mwanzoni mwa miaka ya 1850 hakuna John, yupo Timothy Sullivan, na vitabu vya marekebisho ya uthamini, ambamo karani alikata jina la zamani kwa wino wa rangi na kuandika jipya, vinaonyesha shamba lile likitoka kwa Timothy kwenda kwa John. Desturi ya majina na ardhi vimesema jambo moja bila kujuana.

Angalizo: desturi ya majina peke yake si ushahidi. Itumie kukuonyesha pa kuchimba, usiitumie kufunga kesi.

#8 Karani_wa_Parokia

Mimi ni karani wa parokia huku Kilimanjaro. Sisi mtu akifunga ndoa parokia nyingine wanatuletea taarifa, tunaandika pambizoni kwenye ubatizo wake: kafunga ndoa na nani, wapi, lini. Ndiyo maana anayetaka ndoa anadaiwa cheti kipya cha ubatizo, si kile cha utotoni. Huko hawakuwa na utaratibu huo?

#9 Nasaba_Cork

Karani, umefika mahali ambapo kesi hii ilifungukia. Utaratibu huo uliwekewa mkazo na agizo la Roma liitwalo Ne Temere, lililoanza kutumika Pasaka ya 1908. Tangu hapo paroko anayefungisha ndoa alitakiwa kuijulisha parokia alikobatiziwa mtu. Kwa hiyo ukitazama ubatizo wa Ireland wa miaka ya 1870 na 1880, utaona pambizoni maandishi ya mkono mwingine, wino mwingine: ndoa ya Boston, ya New York, ya Butte. Faharasa nyingi haziyanukuu maandishi hayo. Lazima ufungue picha yenyewe.

Daniel wetu alioa kabla ya 1908, kwa hiyo pambizo ni tupu kwa wote wanne. Subirini, nitarudi hapo.

#10 BintiPwani

Mimi nimefungua hizo picha za maktaba nikakata tamaa. Ni Kilatini, na majina hayafanani na tunayoyajua. Nimemtafuta Jeremiah kutwa nzima hayupo.

#11 Nasaba_Cork

Pole dada, wala Kilatini si kingi, ni maneno machache yanayojirudia. Bapt. ni amebatiza. Filius ni mwana, filia ni binti. Leg. ni wa ndoa halali. Sp. ni wasimamizi. Majina ya wazazi huja kwa umbo la umilikaji: filius Joannis Sullivan et Mariae Harrington, yaani mwana wa John na Mary.

Shida ni majina, maana mtu mmoja alikuwa nayo matatu: la Kiairishi nyumbani, la Kiingereza kwa karani, la Kilatini kwa padri. Jeremiah wako mtafute kama Demetrius, Darby, au Dermot. Timothy anaweza kuwa Thaddeus, Thady, au Teige. Owen ni Eugenius, au Eugene. Cornelius ni Con, au Conor. Honora ni Nora, Hanora, Onora, Norah. Bridget ni Brigida, Biddy, Delia. Johanna anaweza kugeuka Hannah au Joan, na ukipata Florence huku Cork na Kerry usidhani ni mwanamke, akina McCarthy walikuwa na wanaume wengi wa jina hilo. Na O' ya O'Sullivan haionekani karibu popote kwenye vitabu vya karne ya 19. Wengi waliirudisha mwishoni mwa karne.

Ndiyo maana kwenye jedwali langu nina safu mbili za jina: lilivyoandikwa, na ninavyolisoma. Usifute la kwanza kamwe.

#12 Nasaba_Cork

Sasa hitimisho la Daniel.

Wa 1861 wa Ballydonegan: usajili wa vifo wa 1865 una Daniel Sullivan, miaka minne, Ballydonegan, aliyetoa taarifa ni baba John. Na 1867 kaya hiyohiyo inabatiza Daniel mwingine. Amefariki, jina limerudi.

Wa 1867: sensa ya 1901 ina Daniel Sullivan Ballydonegan na mama yake mjane Mary. Mama alifariki 1906, na kwenye usajili wa kifo aliyekuwepo ni "Daniel Sullivan, mwana, Ballydonegan". Huyu hakuondoka.

Wa 1864, wa Mary Shea: alioa Allihies 1888. Ndoa za serikali baada ya 1864 zinataja baba na kazi yake, na makazi. Mashahidi wake ni ndugu zake wa upande wa Shea. Sensa ya 1911 anaye mke na watoto papo hapo.

Anabaki wa 1862, wa Garinish.

#13 Mwana_Muranga

Hapo nakupinga kidogo. Umemchagua kwa kuwaondoa wenzake. Je, kama Daniel wa Butte hakuzaliwa Allihies kabisa? Eyeries na Castletownbere wapo jirani na wote ni Sullivan.

#14 Nasaba_Cork

Umesema kweli, na hapo ndipo wengi wanaposimama mapema. Kuondoa wengine hakumthibitishi aliyebaki. Inatakiwa kitu kinachomshika yeye mwenyewe.

Sensa ya Marekani ya 1900 inauliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wa kuhamia. Daniel yupo Butte na mke na watoto, na kwenye nyumba yake yumo Patrick Sullivan, "brother" wa mkuu wa kaya, kijana. Nikamwacha Daniel nikamfuata Patrick. Kaya ya Garinish ilibatiza Patrick 1877. Nikafungua picha ya ukurasa huo. Pambizoni kuna mkono mwingine: ameoa 1909, kanisa la St. Patrick, Butte, na jina la mke limeandikwa. Nikaenda kwenye ndoa ya Butte ya 1909: mke ni huyohuyo, na shahidi wa bwana harusi ni Daniel Sullivan.

Eyeries na Castletownbere nilizipitia pia kwa John Sullivan na Mary Harrington wa miaka hiyo. Wapo wanandoa wa majina hayo, lakini hawana Daniel na Patrick kwa pamoja. Na mwana wa kwanza wa Daniel pale Butte anaitwa John, binti wa kwanza msimamizi wake ni mwanamke ambaye ubatizo wake nao ni wa Garinish. Hayo ya mwisho ni nyongeza. Kilichofunga kesi ni kaka.

Kama lile pambizo lisingekuwepo, ningeandika kwenye mti wa ukoo: "Daniel, anawezekana kuwa wa Garinish, haijathibitishwa." Na ningeacha mstari wa juu yake wazi. Naomba sana wanaopandisha miti mtandaoni wafanye hivyo. Mtoto wa Ballydonegan aliyekufa na miaka minne alikuwa mtu, alikuwa na mama. Ukimpa wajukuu wa Montana umemfutia kifo chake, na umewafutia wajukuu wa Montana babu yao halisi.

#15 BintiPwani

Nakubaliana nawe dada. Ila miaka mbona haikubaliani? Cheti kilisema 1863.

#16 Nasaba_Cork

Umri kwenye karatasi za Ireland uache ulegee miaka mitano kila upande, wakati mwingine zaidi. Wengi hawakujua tarehe. Pensheni ya wazee ilipoanza Januari 1909 kwa wenye miaka 70, vyeti vya kuzaliwa havikuwepo kwa waliozaliwa kabla ya 1864, na utaona watu kati ya sensa ya 1901 na ya 1911 wamezeeka zaidi ya miaka kumi. Pia usishangae ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye usajili wa serikali. Mzazi akichelewa kuandikisha alitozwa faini, kwa hiyo aliisogeza siku mbele. Padri ndiye wa kuaminiwa hapo.

#17 Bahari_Kuu

Na vipimo vya DNA? Si vingemaliza hili haraka?

#18 Nasaba_Cork

Vinasaidia, lakini Beara vinadanganya ukivisoma bila karatasi. Watu walioana ndani ya rasi ileile vizazi na vizazi, kwa hiyo unashiriki damu na mtu kutoka njia tatu au nne, na kampuni ya vipimo inaona jumla tu na kukuambia ni binamu wa karibu kuliko alivyo. Kumbuka ile ndoa ya 1858. Kwa kisa hiki, mjukuu wa Ballydonegan na mjukuu wa Garinish wote watafanana na mjukuu wa Butte. Vitabu kwanza, kipimo baadaye, na ukipima wapimeni wazee kwanza.

#19 Msomaji_Kimya

Nimesoma yote. Mimi nina Mary Murphy wa Wexford, mama aliyemzaa babu wa mke wangu, alizaliwa kama 1870, alihamia Liverpool. Parokia sijui. Nianzie wapi?

#20 Nasaba_Cork

Murphy na Wexford, mkuu, hapo una wengi kweli. Usianzie Ireland. Anzia Liverpool, na kila karatasi aliyoiacha: cheti cha ndoa kitakupa jina na kazi ya baba, ndoa yake kanisani huenda ikataja parokia alikobatiziwa, ubatizo wa watoto utakupa wasimamizi. Tafuta ndugu zake waliohamia naye. Ukimpata kaka mwenye jina lisilo la kawaida, mfano Myles au Moses, ndiye utakayemtafuta Wexford badala ya Mary. Kwa kuwa alizaliwa baada ya 1864, usajili wa kuzaliwa upo na unaonyeshwa bure kwenye irishgenealogy.ie, ukiwa na picha, jina la mama la kwao na kitongoji. Orodhesha akina Mary Murphy wote wa Wexford kati ya 1866 na 1874 wenye baba wa jina lililo kwenye cheti cha ndoa, kisha kwa kila mmoja tafuta kama aliolewa au kufa nyumbani.

Ukishapata jina la baba, lete hapa tuanze jedwali pamoja.